Umbo Ndilo Linaloongoza: Kapilari na Mwendo wa Vimiminika Ndani ya Vipimo Vidogo



Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho katika zahanati zetu wengi hukiita mRDT, kinajulikana na karibu kila mzazi katika ukanda huu. Mhudumu anachoma kidole, anavuta damu mikrolita 5, yaani kama sehemu ya kumi ya tone la kawaida, na kuiweka kwenye tundu moja la kaseti. Kwenye tundu la pili anadondosha matone machache ya bafa, kimiminika kinachokuja na kipimo. Kisha anaweka kaseti mezani na kutazama saa. Hakuna betri wala pampu, na hakuna anayebonyeza kitufe. Hata hivyo ndani ya kasha lile la plastiki kazi inaendelea kwa utaratibu: seli za damu zinapasuka, protini ya kimelea inakutana na kingamwili, mchanganyiko unafika kwenye mstari wa kwanza, kisha wa pili, na masalia yanapokelewa mwishoni. Kila jambo linakuja kwa zamu yake.

Swali la mhadhara huu ni moja: ni nani anayepanga zamu hizo?

Jibu nitakalolitetea ni kwamba zamu zote zimeshapangwa kabla kaseti haijatoka kiwandani, na zimepangwa kwa umbo. Upana wa mfereji, ukubwa wa vitundu, tabia ya ukuta kuyapenda au kuyakataa maji, mahali mfereji unapopanuka ghafla: hayo ndiyo maagizo ambayo kimiminika kinayafuata. Akili ya kifaa imo katika mchoro wake. Tukilielewa hilo, tutakitumia kifaa kwa heshima inayokistahili, na tutajua pia kwamba kukibuni ni kazi inayowezekana katika vyuo vyetu.

Nguvu inayotoka kwenye uso

Tuanze na nguvu yenyewe. Molekuli za maji huvutana. Iliyo katikati ya maji huvutwa sawasawa kila upande, lakini iliyo juu kabisa haina jirani wa maji upande wa hewa. Kwa hiyo uso mzima hujikaza, ukitaka kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Huo ndio mvutano wa uso, na kwa maji safi katika nyuzi 25 za Selsiasi thamani yake ni takriban milinewtoni 72 kwa kila mita.

Maji yanapogusana na ukuta, ukuta nao una neno lake. Kioo safi na nyuzi za pamba huyavuta maji, nayo hutambaa na kuulowesha ukuta. Nta huyakataa, nayo hujikunja. Tunapima uhusiano huo kwa pembe ya mgusano, yaani pembe ambayo uso wa maji unaifanya na ukuta. Ikiwa chini ya nyuzi 90, mrija mwembamba utayavuta maji ndani. Ikiwa juu ya nyuzi 90, utayasukuma nje.

Mwaka 1718 Mwingereza James Jurin alionyesha kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Karibu karne moja baadaye, Thomas Young mwaka 1805 na Pierre-Simon Laplace mwaka 1806 waliufafanua uhusiano huo. Kwa mrija wa duara, shinikizo la kapilari ni mara mbili ya mvutano wa uso, ukizidisha kwa kosini ya pembe ya mgusano, ukigawanya kwa nusu kipenyo cha mrija. Fanyeni hesabu ya maji ndani ya mrija safi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1: yatapanda takriban sentimita 3. Punguzeni kipenyo hadi milimita 0.1, upana wa unywele mnene: yatapanda takriban sentimita 30. Nguvu hii ndiyo inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, na nyuzi za pamba za utambi ule ni mifereji myembamba isiyohesabika.

Katika mifereji ya ukubwa huo uzito wa maji hauna sauti kubwa. Uso ndio wenye amri, na kimiminika hutiririka kwa tabaka tulivu bila kuvurugika. Utulivu huo unamfaa sana mbunifu, kwa kuwa mwendo unaotabirika ni mwendo unaoweza kupangwa.

Anayevuta na anayezuia

Sasa tufike mahali ambapo wanafunzi wengi hukwama, napo ndipo penye siri ya fani nzima. Ikiwa mfereji mwembamba unavuta zaidi, je, kimiminika kitakwenda kasi zaidi ndani yake?

Hapana. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa Jean Léonard Marie Poiseuille, aliyetaka kuelewa mwendo wa damu katika mishipa midogo, alipima mwendo wa vimiminika katika mirija myembamba ya kioo. Aligundua kwamba ukinzani wa mrija hutegemea kipenyo chake kwa kipeo cha nne. Punguza kipenyo kwa nusu, na ukinzani unapanda mara 16. Lakini mvuto wa kapilari, kama tulivyoona, unapanda mara 2 tu. Kwa hiyo mrija mwembamba una hamu kubwa na njia ngumu. Unavuta kwa nguvu, na bado kimiminika kinapita taratibu.

Lipo jambo la pili. Kimiminika kinapozidi kusonga mbele, sehemu iliyokwisha kulowana inarefuka, na urefu huo wote unakizuia. Mvuto wa mbele unabaki uleule, mzigo wa nyuma unaongezeka. Richard Lucas mwaka 1918 na Edward Washburn mwaka 1921 walionyesha matokeo yake: umbali unaosafiriwa unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya kawaida, kwenda mbali mara mbili kunachukua muda mara nne.

Chukueni utando wa nitroselulosi, aina inayotumika katika vipimo vya haraka, ambao maji yanauvuka kwa sentimita 4 katika sekunde 120. Kwa kanuni hiyo, sentimita ya kwanza inamalizika katika sekunde 7.5. Ya pili inamalizika kwenye sekunde ya 30. Ya tatu, kwenye sekunde ya 67 na nusu. Sentimita ya nne peke yake inachukua sekunde 52 na nusu, yaani mara saba ya ile ya kwanza. Watengenezaji wa tando hizi huzipanga na kuziuza kwa kigezo hicho hicho: sekunde ngapi kuvuka sentimita 4.

Mbunifu anayajua hayo, naye anayatumia. Akiuweka mstari wa kipimo karibu na mwanzo, kimiminika kitapita kwa kasi na kingamwili zilizobandikwa pale zitapata nafasi fupi ya kunasa zinachokitafuta. Akiusogeza mbele, mwendo unapungua na unasaji unaongezeka, lakini mgonjwa anasubiri zaidi. Mahali pa mstari ule mwekundu pameamuliwa kwa kupima usikivu wa kipimo dhidi ya muda wa kusubiri.

Ndani ya kaseti ya malaria

Tuifungue kaseti tuone vipande vyake. Kuna ukanda mmoja, nao umeunganishwa kwa vipande vinne vinavyolaliana kidogo kwenye ncha zake, ili kimiminika kivuke kutoka kimoja hadi kingine bila kukatika.

Cha kwanza ni kitambaa cha kupokea sampuli. Bafa inayodondoshwa hupasua seli nyekundu na kuiachia protini iitwayo HRP2, ambayo hutolewa na kimelea Plasmodium falciparum. Cha pili kina kingamwili zilizoshikamanishwa na chembechembe za dhahabu, ambazo mara nyingi zina kipenyo cha nanomita 40 hivi. Zimekaushwa pale zikisubiri. Dhahabu katika ukubwa huo ina rangi nyekundu, na hiyo ndiyo rangi tunayoiona kwenye mstari. Kimiminika kinapofika, chembechembe zinaamka, zinaishika protini ikiwapo, na kusafiri pamoja nayo. Cha tatu ni utando wa nitroselulosi wenye mistari miwili isiyoonekana: mmoja wa kipimo na mmoja wa udhibiti. Cha nne, mwishoni, ni kitambaa kinene cha kufyonza.

Hicho cha nne watu hukidharau, nami naomba mkiangalie vizuri. Utando ukishalowa wote, hauna tena mahali pakavu pa kuvutia kimiminika, na mwendo ungesimama. Kitambaa cha kufyonza kinachukua zamu ya kuvuta. Ndicho kinachohakikisha kwamba damu yote iliyopasuka inasafishwa kutoka kwenye utando ili mstari uonekane juu ya sehemu nyeupe. Ujazo wake unaamua ni mikrolita ngapi zitapita mbele ya mistari kabla mwendo haujakoma. Hii ndiyo pampu ya kaseti.

Baada ya kuona hayo, maelekezo yaliyomo kwenye karatasi ya kipimo yanasomeka kwa namna nyingine. Tunaambiwa tusome majibu baada ya dakika 15 au 20, kulingana na mtengenezaji, na tusiyasome baada ya muda wa mwisho uliowekwa. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa cha mwanzo kikianza kukauka, nacho kinakuwa mahali pakavu panapovuta, na kimiminika kinaweza kurudi nyuma kutoka kwenye kitambaa cha kufyonza. Kinaporudi hubeba chembechembe za dhahabu zilizokwisha kupita, na zinaweza kuacha mstari hafifu mahali ambapo hapakuwa na mstari. Mgonjwa asiye na malaria anaandikiwa dawa ya malaria, na homa yake ya kweli inabaki bila kutafutwa.

Tunaambiwa pia tutumie bafa iliyokuja na kipimo, na si maji ya bomba wala bafa ya kipimo kingine. Bafa imetengenezwa kwa kiwango maalumu cha chumvi na viambata vya aina ya sabuni. Vitu hivyo vinaathiri mvutano wa uso, kupasuka kwa seli, na jinsi kingamwili zinavyoshikamana. Imethibitishwa kwamba kubadilisha bafa kwa maji kunaweza kuleta majibu chanya ya uongo. Vilevile mfuko hufunguliwa wakati wa kupima tu, kwa kuwa unyevu wa hewa huingia kwenye utando na vitambaa, ukabadili namna vinavyolowana na kuziharibu kingamwili. Ndiyo maana ndani ya mfuko kuna kijipakiti cha kufyonza unyevu.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Pendekezo hilo lisingetekelezeka kwenye zahanati isiyo na hadubini wala umeme bila ukanda huu mdogo. Mhudumu wa zahanati ya mbali ameaminiwa afanye kazi iliyokuwa ya maabara, na anastahili kuelezwa sababu ya kila hatua. Anayeelewa kwa nini dakika zimewekwa atazilinda hata siku foleni ni ndefu.

Vali zisizo na kiungo kinachosogea

Ukanda wa kawaida una mwendo mmoja: mbele. Lakini vipimo vingi vya maabara vinahitaji hatua kadhaa: weka sampuli, osha, weka kitendanishi, osha tena, weka rangi. Je, kapilari peke yake inaweza kuzifuata hatua hizo?

Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich nchini Uswisi, miongoni mwao David Juncker na Emmanuel Delamarche, walichapisha mfumo wa mifereji midogo unaojiendesha wenyewe kwa kapilari. Wazo lao kuu lilikuwa kutenganisha kazi mbili ambazo katika mrija mmoja zimefungamana. Mfereji mwembamba ulipewa kazi ya kuzuia, hivyo kuweka kasi. Sehemu nyingine ilipewa kazi ya kuvuta, kama pampu. Kwa kuwa ukinzani wa mfereji uliokwisha kulowa haubadiliki, na mvuto wa pampu ile haubadiliki, mwendo unakuwa wa kasi moja. Ule uchovu wa Washburn unaondolewa kwa mchoro.

Kisha zikaja vali. Vali ya kusimamisha ni mahali ambapo mfereji unapanuka ghafla. Kimiminika kinapofika ukingoni, ili kiendelee lazima uso wake ukunje kona na kujivimbisha nje. Kujivimbisha huko kunahitaji shinikizo, na wakati huo kapilari haivuti tena mbele. Kimiminika kinasimama pale, kinasubiri. Mfereji wa pili ukileta kimiminika kingine upande wa pili wa ukingo huo, nyuso mbili zinagusana, kizuizi kinafutika, na vyote viwili vinaondoka pamoja. Huo ni mfumo wa kusubiriana ambao haukuandikwa kwenye programu yoyote ya kompyuta. Umeandikwa kwenye kona.

Ipo pia vali ya kushikilia. Sehemu ya mfereji hufanywa nyembamba kuliko sehemu nyingine ili iking'ang'anie kimiminika chake hadi pampu ivute kwa nguvu inayozidi kiwango fulani. Mkizipanga vali hizo kwa viwango vinavyopanda, vihifadhi vinamwagika kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikisubiri kilichotangulia kiishe.

Juncker, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake walilisukuma wazo hilo mbali zaidi. Mwaka 2022, katika jarida la Nature, waliripoti mnyororo ambamo kumalizika kwa kihifadhi kimoja kunafungua njia ya kinachofuata, na wakaonyesha mfululizo wa matoleo 300 ya kimiminika yaliyopangwa kwa umbo pekee. Mifereji hiyo ilichapishwa kwa printa ya 3D. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kwa chuo chenye bajeti ndogo, kwa maana chumba safi cha kutengenezea silikoni kinagharimu fedha nyingi mno, lakini printa ya 3D ya resini inaweza kununuliwa na idara.

Karatasi na nta

Njia nyingine ni nafuu zaidi. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides katika Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba karatasi ya kuchujia inaweza kugawanywa kuwa mifereji kwa kuchora kuta zinazoyakataa maji ndani ya karatasi yenyewe. Miaka miwili baadaye kuta hizo zilikuwa zinachorwa kwa printa ya nta. Nta inachapishwa juu ya karatasi, karatasi inapashwa moto, nta inayeyuka na kuzama hadi upande wa pili, na hapo kuna ukuta. Nyuzi za karatasi zinavuta, nta inazuia. Tone moja linagawanyika katika matawi kadhaa, kila tawi likiwa na kitendanishi chake: hapa glukosi, pale protini.

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya jambo la namna hii kwa karatasi ya kuchujia, nta ya mshumaa, pasi na rangi ya chakula. Watajifunza pia kipingamizi cha kwanza cha fani: nta inapoyeyuka hutawanyika pembeni pia, hivyo mfereji uliochorwa milimita 2 hutoka mwembamba kuliko mchoro. Mbunifu lazima aipe nta nafasi ya kusambaa.

Mambo yanayoharibu mpango

Nisingewatendea haki kama ningesifu bila kutaja magumu. Umbo linaongoza, lakini umbo linategemea uso, na uso hubadilika.

Silikoni laini iitwayo PDMS, inayopendwa sana katika maabara za utafiti, kwa asili huyakataa maji. Watafiti huitibu kwa plazma ya oksijeni ili iyapende, lakini baada ya saa au siku kadhaa inarudia tabia yake ya awali. Kifaa kilichofanya kazi Jumatatu kinakwama wiki inayofuata, ilhali mchoro ni uleule. Kwa kifaa kitakachokaa ghalani miezi, katika joto la Tabora au Garissa, hilo ni jambo la kufa na kupona.

Hewa nayo ni adui. Mwaka 1969 Paul Concus na Robert Finn walionyesha kwa hisabati masharti ambayo kimiminika hutambaa bila kikomo ndani ya kona. Katika kona ya mraba, hilo hutokea pembe ya mgusano inapokuwa chini ya nyuzi 45. Vidole vyembamba vya kimiminika hukimbilia mbele kwenye kona, vikakutana, na kufungia povu la hewa nyuma yao. Povu moja linaweza kuziba mfereji mzima. Vilevile, kona hizo hizo huivujisha vali iliyotakiwa kusimamisha.

Na damu haifanani kwa watu wote. Mwenye upungufu wa damu ana seli chache na damu yake ina mnato mdogo. Aliyeishiwa maji mwilini ana damu nzito. Kifaa kilichosawazishwa kwa damu ya mtu mwenye afya njema kitakwenda kwa kasi nyingine kwa mtoto mwenye malaria kali, ambaye ndiye hasa tuliyemtengenezea. Kwa hiyo kifaa kijaribiwe kwa damu na katika hali ya hewa ya watu watakaokitumia. Jambo hilo haliwezi kufanywa kwa niaba yetu kutoka mbali.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, nimalizie kwa mambo matatu ninayoyaomba.

La kwanza ni kwa walimu wa fizikia. Mada ya kapilari hufundishwa kwa mrija wa kioo na karatasi ya kufyonza wino, mtihani ukafanyika, mada ikafungwa. Ifundishwe na kaseti ya malaria mkononi. Kipimo kilichokwisha muda wake kinatosha kabisa kwa somo: kipasuliwe, vipande vinne vitenganishwe, tone la maji ya rangi lidondoshwe kwenye ncha ya utando, na wanafunzi wapime kwa saa umbali kila baada ya sekunde 10. Wachore grafu ya umbali dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Watakapoona mstari ulionyooka, Washburn atakuwa amethibitishwa na mikono yao wenyewe.

La pili ni kwa wanaowafundisha wahudumu wa afya. Tusiishie kuorodhesha hatua; tutoe na sababu. Matone mangapi, bafa ipi, dakika ngapi: kila moja ina sababu ndani ya ukanda.

La tatu ni kwa vyuo vyetu vikuu na wanaovipangia fedha. Vipimo vya haraka tunavyovitumia kwa wingi hubuniwa na kutengenezwa kwingine, kwa magonjwa ambayo kwingine yameonekana yana soko. Kuna kuumwa na nyoka, kuna kichocho, kuna sumukuvu kwenye mahindi na karanga zetu. Fani hii haimdai mwanafunzi kuwa na kiwanda ndipo aanze. Inamdai aelewe mvutano wa uso, ukinzani na pembe ya mgusano, awe na printa, karatasi na subira ya kupima. Tukimpa idara inayomwezesha, atabuni kipimo kinachosoma damu yetu, katika joto letu, kwa ugonjwa tulio nao. Naomba idara hizo zianzishwe, na zianze na vifaa vilivyopo.